Wanagenzi wa Chicago: Siri ya Maisha Marefu ya "ER"

Michael Crichton, aliyehitimu udaktari Harvard kisha akachagua kalamu badala ya kutibu, aliandika mwaka 1974 mswada wa sinema juu ya siku moja katika idara ya dharura, akiujaza yale aliyoyashuhudia kwa macho yake alipokuwa mwanafunzi hospitalini. Na kwa kuwa wakuu wa sinema waliuona una watu wengi mno, kelele nyingi, na majina ya dawa yanayotajwa mbio bila ya kufasiriwa, ulilala takriban miaka ishirini. Tarehe 19 Septemba 1994 shirika la NBC la Marekani liliutoa, ukiwa umebadilishwa kidogo tu, kuwa kipindi cha kwanza cha tamthilia iliyoitwa "ER", ambayo iliendelea hadi tarehe 2 Aprili 2009, jumla ya vipindi 331.

Aghalabu maisha marefu ya tamthilia hii husemwa kuwa yalitokana na kasi yake, yaani kamera ile iliyofuata kitanda cha mgonjwa kutoka mlangoni hadi chumba cha matibabu bila ya kukatisha. Kasi ilikuwapo, na ilipendeza. Lakini jicho huizoea kasi upesi. Mimi naona siri ilikuwa katika jambo la unyenyekevu zaidi, nalo ni kwamba hospitali ile ya kubuni ya Chicago ilikuwa hospitali ya kufundishia. Katika kipindi cha kwanza anaingia mwanafunzi John Carter, koti lake jeupe halina hata doa, akikokotwa huku na huko na daktari Benton ambaye hana wasaa wa kurudia neno, mpaka yanamshinda anayoyaona, anatoka nje kuketi, na daktari Greene anamfuata kumtuliza. Mtazamaji, ambaye naye hajui lolote, ameshapata wakili wake. Na maadamu katika chuo cha utabibu wanaojua huondoka na wasiojua huja, waandishi walikuwa na ruhusa, isiyohitaji kutungiwa kisa, ya kuanza upya pasipo kubomoa nyumba.

Kwa hiyo mwigizaji George Clooney alipoondoka mwaka 1999 tamthilia haikuanguka; wala haikuanguka mwaka 2002, mauti yalipomchukua daktari Greene, aliyekuwa nguzo yake. Noah Wyle, aliyemwigiza Carter, aliaga mwaka 2005, akiwa wa mwisho katika wale wa mwanzo waliodumu bila ya kukatiza, na bado ilisalia miaka minne.

Njia nyingine za kutafuta upya hazikuwa na baraka sawa. Tarehe 25 Septemba 1997 kipindi kizima kiliigizwa moja kwa moja hewani, tena mara mbili usiku ule ule, ili watazamaji wa mashariki na wa magharibi ya nchi wasipunjane. Ulikuwa ushujaa wa haki. Lakini mwaka 2002 daktari Romano alikatwa mkono na helikopta, na mwaka uliofuata helikopta nyingine ikamwangukia ikamwua, na hapo hata mpenzi wa kweli wa tamthilia alikuwa na haki ya kucheka. Bora zaidi ilikuwa safari ya Mei 2003, ambapo Carter na daktari Kovač walipelekwa Kongo, pande za Kisangani, wakati wa vita, na daktari aliyekwisha kuwa mwalimu Chicago akajikuta mwanagenzi tena, penye majeruhi wengi na dawa haba.

Katika kipindi cha mwisho Rachel, binti wa marehemu Greene, anakuja kutazama hospitali akitaka kusomea udaktari. Tarehe 28 Februari 2019 tamthilia ya "Grey's Anatomy", iliyoanza mwaka 2005 kwa kundi la madaktari wapya wa upasuaji huko Seattle, iliipita "ER" kwa wingi wa vipindi. Na mwaka 2025 Wyle alirudi katika tamthilia ya "The Pitt" akiwa daktari mwalimu, mwenye wageni wanne wanaoanza kazi asubuhi moja, na msimu mzima ni zamu moja ya saa kumi na tano. Warithi wa Crichton walikuwa wamekwisha kufungua shauri mahakamani mwaka 2024, wakidai kuwa hiyo ni "ER" iliyobadilishwa jina. Shauri lina wenyewe. Ama hila ya mwanagenzi na mwalimu wake, hiyo ilitangulia tamthilia zote mbili: daktari kijana Kildare alikuwa akiuliza na kukemewa katika tamthilia ya NBC hiyo hiyo tangu mwaka 1961.