Wales, majirani zake na bonde lililozamishwa

Hapa Congo jina la Stanley, yule Bula Matari, tunalijua tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunamwita Mwingereza. Kumbe alizaliwa Denbigh, nchini Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands. Kiswahili chetu nacho kinatupoteza, maana kinaita kisiwa kizima Uingereza. Mtu wa Wales akisikia hivyo hafurahi. Ana lugha yake na bendera yake, na amekaa chini ya jirani mkubwa tangu mwaka 1282, Llywelyn, mwami wao, alipouawa na jeshi la mfalme Edward wa Kwanza.

Wanaodai uhuru wa Wales leo huulizwa swali moja: mtaishi vipi na majirani? Swali hilo ni la zamani. Owain Glyndŵr alipoasi mwaka 1400, mwaka uliofuata tu aliandika barua kwa mfalme wa Uskoti na kwa wakubwa wa Ayalandi akiomba msaada. Barua zilinaswa njiani. Mwaka 1404 akafanya mapatano na mfalme wa Ufaransa, na mwaka 1405 askari Wafaransa walishuka pwani ya Milford, wakaingia mpaka karibu na Worcester, kisha wakarudi kwao. Ufaransa ilikuwa na hesabu zake na Uingereza, na Glyndŵr alibaki na vita yake. Mwaka 1536 sheria ya London ikaamuru Kiingereza pekee kitumike mahakamani huko Wales.

Lakini kilichowaamsha wakaaji wa sasa ni maji. Mji wa Liverpool, ulio Uingereza, ulitaka bwawa katika bonde la Tryweryn. Haukuomba ruhusa kwa viongozi wa Wales, ulikwenda moja kwa moja bungeni London. Mwaka 1957 sheria ikapita, ingawa kati ya wabunge 36 wa Wales hakuna hata mmoja aliyeiunga mkono. Kijiji cha Capel Celyn kilizama mwaka 1965: nyumba, shule, posta, kanisa, makaburi. Anayejua maana ya kuhamishwa kwa nguvu haitaji kuelezwa zaidi. Mwaka uliofuata, Gwynfor Evans akawa mbunge wa kwanza wa Plaid Cymru, chama cha kitaifa kilichoanzishwa mwaka 1925. Liverpool iliomba msamaha mwaka 2005, miaka 40 baadaye!

Hata hivyo hasira haikutosha. Katika kura ya maoni ya mwaka 1979, karibu watu 4 kati ya 5 waliopiga kura walikataa kuwa na bunge lao. Mwaka 1997 kura ya Wales iliwekwa wiki moja baada ya ile ya Uskoti, ili ndiyo ya Waskoti iwape moyo. Ndiyo ilishinda kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu. Kwa maoni yangu, bila jirani huyo kutangulia, bunge la Cardiff lisingekuwapo.

Tangu 1999 Wales inakaa meza moja na London, Dublin, Uskoti na Ayalandi Kaskazini katika Baraza la Uingereza na Ayalandi, lililotokana na mapatano ya amani ya Belfast ya 1998. Uamuzi mkubwa hautolewi pale, lakini Wales inasikilizwa kwa jina lake. Januari 2024 tume iliyoundwa na serikali ya Cardiff ilisema uhuru unawezekana, ila una gharama, hasa fedha na mpaka na Uingereza.

Mpaka huo si mstari wa ramani tu. Wagonjwa wa kaskazini mwa Wales huuvuka kwenda hospitali za Chester na Liverpool, na maji ya Tryweryn bado yanateremka na Mto Dee kuelekea upande uleule.