Shaba ya mtambo wa kukenekea: Ipi ni salama na ipi ni sumu?

SHABA nyekundu imetumika katika mitambo ya kukenekea kwa karne nyingi, na hadi leo viwanda vikubwa vya pombe kali duniani bado vinaitegemea. Hata hivyo, si kila kitu chenye rangi ya shaba ni shaba, na si kila hatari iliyomo mtamboni huondolewa na madini hayo. Kutoelewa mambo hayo mawili kumewaingiza wengi hatarini.

Makala haya yanaeleza kazi ya shaba inayojazwa ndani ya mtambo, namna ya kuichagua na kuitunza, na mipaka yake. Yanamhusu mkulima wa Bonde la Ufa anayekeneka mafuta ya mimea, fundi wa jua kali anayeunda mitambo, na mwenye leseni ya kutengeneza kinywaji kwa kiwango kidogo.

Kukeneka ni nini

Kukeneka ni kuchemsha kimiminika, kuukusanya mvuke wake na kuupoza hadi urudi kuwa kimiminika. Wakazi wa Eburru, katika Kaunti ya Nakuru, wanaifahamu kazi hii bila kuwasha moto. Eneo hilo lina uhaba wa maji ya juu ya ardhi, lakini mvuke hufuka kutoka ardhini kutokana na joto la volkano. Kwa miaka mingi wakazi wameupitisha mvuke huo katika mabomba na kuupoza ili kupata maji ya matumizi ya nyumbani.

Mfano huo unafunza kanuni muhimu. Maji ya visima vingi vya Nakuru na Naivasha yana floraidi nyingi, ambayo huyafanya meno kuwa ya kahawia na, ikizidi, hudhuru mifupa. Maji hayo yakikenekwa, chumvi hizo hubaki chini pamoja na masalio, kwa kuwa hazigeuki kuwa mvuke. Madini yaliyoyeyuka, kama vile risasi na shaba yenyewe, hufuata kanuni iyo hiyo.

Kwa hiyo, lenye uzito zaidi ni kile kinachoguswa na mvuke unapoanza kupoa na kuteremka kuelekea kwenye chombo cha kupokelea. Madini yanayoyeyuka katika sehemu hiyo hayana tena kichujio mbele yake, bali huingia moja kwa moja katika kinachokusanywa.

Kazi ya vijazio vya shaba

Mitambo mingi ina bomba la wima juu ya pipa la kuchemshia. Katika makala haya bomba hilo litaitwa mnara. Mvuke unapopanda, sehemu yake hupoa na kurudi chini kama matone, nayo matone hayo hukutana na mvuke mpya unaopanda. Kadiri mvuke na matone vinavyokutana mara nyingi, ndivyo vitu vinavyochemka kwa joto tofauti vinavyotengana vizuri.

Ili kuongeza nafasi ya kukutana, mnara hujazwa vitu vyenye uso mpana lakini vinavyopitisha mvuke: vipande vya mabomba, pete ndogo, au wavu wa waya uliofumwa na kukunjwa. Hivyo ndivyo vijazio. Vijazio vya kioo, vya kauri na vya chuma kisichoshika kutu hufanya kazi ya kutenganisha sawa na vile vya shaba.

Shaba ina faida moja zaidi. Hamira inapochachusha nafaka au molasi hutoa kemikali zenye salfa, ambazo hunuka kama mayai viza au kabichi iliyooza. Kemikali hizo hushikana na shaba na kubaki juu yake kama tabaka jeusi. Ndiyo sababu shaba iliyotumika huwa nyeusi, na kinywaji kilichopita hapo hupungua harufu mbaya.

Kwa anayekeneka mafuta ya mimea kama mkalitusi, rosemari au leleshwa, mti unaoota kwa wingi kati ya Naivasha na Nakuru, shaba si ya lazima. Wengi hutumia chuma kisichoshika kutu kwa sababu ni rahisi kukisafisha na hakibadilishi rangi ya mafuta.

Lisilowezekana kwa shaba

Imani iliyoenea na kugharimu maisha ni kwamba shaba huondoa sumu ya methanoli. Haiondoi. Methanoli haishikani na shaba jinsi salfa inavyoshikana. Tena, tofauti na floraidi ya kisimani, methanoli haibaki chini ya pipa, bali hupanda pamoja na mvuke.

Kwa kawaida methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na pombe ya kawaida kwenye nyuzi 78. Mjini Nakuru, ulio katika mwinuko wa takriban mita 1,850, maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100, na viwango vya vimiminika vingine hushuka vivyo hivyo. Anayefuata vipimo vya joto vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za pwani atapotoka. Isitoshe, vimiminika vilivyochanganyika havitoki kimoja kimoja kwa zamu, hivyo kumwaga matone ya kwanza si dhamana ya usalama.

Nafaka na molasi zikichachushwa hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki vinavyotajwa mara kwa mara nchini hutokana hasa na methanoli ya viwandani ambayo wafanyabiashara huichanganya na kinywaji ili kukiongezea ukali kwa bei nafuu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 waliangamia jijini Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Maafa kama hayo yalitokea Machakos mwaka 2005, katika kaunti kadhaa mnamo Mei 2014, na Kirinyaga mnamo Februari 2024. Hakuna mnara wa shaba ambao ungewaokoa watu hao.

Mwilini, methanoli hugeuzwa kuwa asidi inayodhuru neva ya jicho na ubongo. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi: kichwa kuuma, kutapika, kuhema kwa kasi na kuona ukungu. Mwenye dalili hizo baada ya kunywa afikishwe hospitalini mara moja, kwani kuna dawa ya kuizuia sumu hiyo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine.

Zilizo salama na zisizo salama

Kijazio kinachofaa ni shaba nyekundu tupu, isiyopakwa rangi wala vanishi, na ambayo haijawahi kutumika kwa kazi nyingine. Wavu uliofumwa kwa waya wa shaba tupu na vipande vya bomba jipya la maji la shaba huingia katika kundi hili.

Vifuatavyo viepukwe:

Shaba ya manjano. Hii ni shaba iliyochanganywa na zinki, inayotengenezewa mifereji na viungo vya mabomba. Aina nyingi hutiwa risasi kidogo ili zichongeke kwa urahisi, na risasi hiyo huweza kuyeyuka ikiguswa na mvuke wenye asidi.

Waya za kusugulia sufuria zenye rangi ya shaba. Nyingi ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Rangi ikiisha, chuma hushika kutu na kumeguka ndani ya mnara.

Waya za umeme zilizochomwa. Nyaya za mota hupakwa vanishi, na nyingine huvikwa plastiki. Kuzichoma ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu na kuacha masalio yasiyoisha kwa kuoshwa. Nyaya nyingine za bei rahisi ni alumini iliyofunikwa kwa shaba.

Rejeta za magari. Zile za zamani za shaba zililehemiwa kwa risasi. Nchini Marekani, watu wengi walipata sumu ya risasi kwa kunywa pombe haramu iliyopozwa katika rejeta kama hizo. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Huharibu figo, hupunguza damu na hudumaza ubongo wa mtoto.

Tahadhari hiyo ihusishe mtambo mzima. Pipa lililobeba mafuta au kemikali, bomba la mabati lenye zinki, na sufuria za alumini zilizosubiwa kutokana na vyuma chakavu havifai. Sufuria za aina hiyo zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika, Cameroon ikiwemo, zikapatikana na risasi.

Namna ya kupima

Kwanza, tumia sumaku. Shaba haivutwi, kinachonasa ni chuma kilichopakwa. Pili, kwangua kwa tupa au kata kwa mkasi, kisha tazama ndani. Shaba tupu ni nyekundu hadi katikati. Ikiwa katikati ni nyeupe, hiyo ni alumini. Ikiwa ni ya manjano, imechanganywa na zinki. Tatu, angalia kama kuna tabaka linalong'aa na kubanduka kwa ukucha, ambalo ni vanishi.

Vipimo hivyo haviwezi kuonyesha risasi kidogo iliyofichika. Kwa sababu hiyo ni heri kununua shaba mpya kwa muuzaji wa vifaa vya mabomba na kudai risiti inayotaja aina yake.

Risiti ina maana nyingine pia. Shaba nyingi inayouzwa vichochoroni huwa imeibwa kutoka transfoma na nyaya za umeme au simu. Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu baada ya uharibifu wa miundomsingi ya umeme, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa bidhaa hiyo awe na leseni. Zaidi ya hayo, mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo hudumu mwilini kwa miaka mingi.

Kuweka na kusafisha

Vijazio visishindiliwe. Mnara ulioziba huzuia mvuke, na shinikizo linaweza kulipasua pipa. Mvuke wa pombe huwaka kwa cheche ndogo, hivyo moto wa kuni au makaa chini ya mtambo ni hatari kubwa. Njia ya kutokea mvuke lazima ibaki wazi wakati wote.

Mahali pa shaba ni ndani ya mnara, ambamo matone yanayoiyeyusha hurudi pipani. Sehemu ya kupozea, ambayo matone yake hayarudi, ni bora iwe ya chuma kisichoshika kutu au kioo.

Shaba yenyewe ikizidi hudhuru, kwa kusababisha kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji ya kunywa. Brazil, ambako pombe kali ya miwa hukenekwa kwa mitambo ya shaba, inaruhusu miligramu 5 kwa lita. Matone yenye rangi ya samawati au kijani ni ishara ya shaba iliyoyeyuka, na yamwagwe.

Baada ya kila kazi, vijazio vioshwe kwa maji ya moto. Vikiwa vyeusi au vyenye kutu ya kijani, viloweshwe katika maji ya moto yenye siki au ndimu hadi ving'ae, visuuzwe mara kadhaa na kukaushwa kabisa. Dawa za klorini zisitumike. Vijazio vilivyomomonyoka vibadilishwe.

Sheria inasema nini

Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria maalumu ya mwaka 1980. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyowasilishwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na kwa hiyo kujulikana kama Sheria ya Mututho, iliifuta marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni na ubora. Hata hivyo, ruhusa hiyo haikuwa ya kila nyumba. Anayekeneka kileo bila leseni anavunja sheria, hata kama mtambo wake ni wa shaba safi kabisa.

Mkulima wa mafuta ya mimea hahitaji leseni ya vileo. Lakini kanuni ya vifaa haibadiliki kwake wala kwa kiwanda: shaba tupu hupunguza harufu ya salfa, shaba chafu au bandia huongeza sumu, na methanoli hujulikana tu kwa kupimwa katika maabara.