Kulehemu si kuchomelea

Fundi wa Vitongoji, hapa Pemba, anayejitengenezea waya wa kupeleka sauti kutoka deki hadi amplifaya hana budi kulehemu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake wa l-h-m ndio huohuo wa lahm, yaani nyama: vitu viwili hushikana kama nyama inavyofunga jeraha. Lehemu ya bati asilimia 60 na risasi 40 huyeyuka kwenye nyuzijoto 190 hivi, ikapenya katikati ya nyuzi za shaba. Ikipoa imetulia, hung'aa. Waya ukitikisika kabla haijaganda, hufifia na spika hukwaruza. Wavu wa shaba unaozunguka uzi wa kati nao utiwe lehemu vizuri, maana ndio unaokinga sauti isiingiliwe na mvumo wa umeme.

Siku hizi nasikia vijana wakisema “kuchomelea waya”. Jamani, tusiliache neno kulehemu. Kuchomelea ni kwa mageti na madirisha, ambako chuma chenyewe huyeyuka. Kwenye waya, shaba haiyeyuki hata kidogo.