Kupima Uendelevu wa Mashamba ya Miti Mlimani Meru

Idadi ya miche iliyopandwa ni kiashiria kibovu cha uendelevu, ingawa ndiyo inayosomwa kwanza kwenye ripoti na jukwaani. Baada ya Mkutano wa Rio wa 1992, mataifa yalijitungia vigezo na viashiria vya misitu: Mchakato wa Montreal, na ule wa nchi kavu za Afrika ulioanzia Nairobi mwaka 1995. Tanzania nayo ina NAFORMA, tathmini iliyokadiria misitu ya Bara kuwa hekta milioni 48.1. Takwimu hiyo ina kazi yake, ila haimwambii meneja wa shamba la miti la Olmotonyi, mlimani Meru, avune kitalu kipi.

Kwenye miteremko ya Meru, paini na saiprasi zikishavunwa, wananchi wa vijiji jirani hupewa vipande wapande mahindi, maharage na viazi katikati ya miche mipya. Wanapopalilia mazao, miche nayo hupaliliwa. Utaratibu ni mzuri, lakini una kasoro ya ndani: matawi yakishafunga kivuli, mkulima anaondoka. Mwenye kipande hana haraka ya kuona mche ukinenepa, na jembe likipita karibu mno na mizizi hakuna wa kuuliza. Hesabu ya siku ya kupanda haiyaoni haya. Kiashiria cha kweli ni asilimia ya miche iliyo hai na iliyonyooka mwaka wa tatu, katika mistari ileile, ikihesabiwa na mtu asiyegawa vipande wala kulima humo.

Hekta nazo hudanganya. Vidukari vya saiprasi vilipoingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1980, shamba lililoshambuliwa liliweza kubaki na ukubwa uleule daftarini huku miti ikikauka.

Upande wa kiwanda cha mbao tumeuachia wafanyabiashara, na hapo nadhani wanataaluma tumezembea. Gogo huuzwa kwa mita za ujazo. Baada ya hapo hakuna anayefuatilia. Msumeno wa duara wenye ubapa mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi la mbao, wakati msumeno wa mkanda hupitisha mkato mwembamba na kuacha mbao zaidi. Kiasi cha mbao kinachopatikana katika kila mita ya ujazo ya gogo ni kiashiria cha msitu kama kilivyo cha kiwanda: kikipanda, mahitaji yaleyale ya mafundi wa Arusha yanatoshelezwa na miti michache.

Maji ya chemchemi za Meru, yanayotegemewa na jiji, yapimwe pia, mradi yasomwe sambamba na mvua. Vinginevyo mwaka wa ukame utaihukumu mikaratusi, inayolaumiwa kukausha maji, bila ushahidi.

Wapo watakaosema vipimo hivi ni ghali. Kuhesabu mistari michache kunahitaji kamba, daftari na siku za kazi. Kigumu ni kukubaliana kabla ya kuhesabu kwamba kitalu kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kibali cha kuvuna kitalu kinachofuata kinasimama.