Chemchemi za Mto Naili na Mwandishi wa Riwaya

Miongoni mwa kazi ambazo wanafunzi hutuletea tuzisahihishe, ilikuwamo moja iliyotufurahisha na kututaabisha kwa pamoja. Ilikuwa sura ya kwanza ya riwaya ya Misri ya kale. Kuhani mzee amesimama ukingoni mwa Mto Naili, maji yanajaa, naye anamweleza mwanawe kwamba maji hayo yanatoka katika msitu wa Nyungwe, nchini Rwanda. Kiswahili chake kilikuwa safi, na habari yenyewe haikuwa uongo mtupu. Lakini kuhani yule hakuweza kuisema.

Kosa hilo lilitugusa kwa sababu ya mahali tulipo. Butare yetu ni ile ya wilaya ya Rusizi, si ule mji ulio wilaya ya Huye. Huku kwetu mgongo wa milima ndio unaoyagawa maji: yateremkayo magharibi huingia Mto Rusizi, yakafika Ziwa Tanganyika na hatimaye Mto Kongo, yateremkayo mashariki huifuata njia ya Naili. Mtoto wa shule hulijua jambo hili, na mtu akishalijua jambo tangu utotoni husahau kwamba palikuwa na wakati ambapo hakuna aliyelijua.

Mwandishi wa riwaya ya zamani hana budi kuchunguza mambo mawili: yale waliyoyajua watu wake, na yale wasiyoyajua. La kwanza wengi hulikumbuka. Hujihadhari wasimpe Firauni mahindi wala nyanya, kwa kuwa vyakula hivyo vilitoka Amerika; tena hawamtii mkulima wake sarafu mkononi, kwa kuwa kwa karne nyingi Wamisri walikadiria bei kwa nafaka na kwa uzito wa shaba au fedha. La pili ndilo huponyoka. Basi na tuufuate mto huu mmoja tuone.

Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri katika karne ya 5 K.K., aliuliza habari za chemchemi za Naili kila alipopita. Aandika kwamba hakukuta Mmisri, Mlibya wala Mgiriki aliyedai kuzijua, ila karani mmoja wa hazina ya hekalu huko Sais. Karani huyo alimwambia kwamba zimo baina ya milima miwili, Krophi na Mophi, karibu na Elephantine. Herodotus alihisi kwamba mtu yule anafanya mzaha. Hata hivyo aliyaandika maneno yake, kisha akabainisha kuwa yeye mwenyewe alifika mpaka Elephantine kwa macho yake, na ng'ambo ya hapo alitegemea masikio. Hatujui mwalimu bora kuliko huyu kwa mwandishi wa riwaya, hata pale alipokosea, maana ametenga alichokiona na alichosimuliwa.

Warumi nao walijaribu. Mfalme Nero alituma askari wapande mto, na Seneca, aliyefariki mwaka 65 B.K., asema aliwasikia wakubwa wawili wa kikosi hicho wakisimulia. Walifika penye mabwawa makubwa yaliyosongwa na majani, hata wenyeji hawakujua mwisho wake. Wataalamu wengi huona kuwa ni yale mabwawa ya Sudani ya Kusini. Karne moja baadaye, Ptolemy wa Iskandaria aliandika habari za maziwa na Milima ya Mwezi, akitegemea habari za mabaharia waliofika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo ukomo wa elimu ya Rumi. Mhusika wa riwaya aweza kubuni, kubisha, hata kuota, kujua hawezi.

Tena ukungu huo haukuondoka upesi. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Wao wenyewe hawakufika kuuona. Kwa hiyo shaka ilibaki kwamba huenda mto huu wetu ndio Naili yenyewe, mpaka Livingstone na Stanley walipofika mdomoni pake mwaka 1871 wakaona maji yanamiminika ziwani. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt aliifuata Rukarara hadi chanzo chake katika Nyungwe. (Ndugu zetu wa Burundi wana chemchemi yao, na ubishi huo tunawaachia wanajiografia.) Na tukitaka kuwa wakali zaidi, yale mafuriko ya Misri, kabla ya bwawa kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, yalitokana hasa na mvua za Uhabeshi. Maji ya kwetu yalikuwa na sehemu ndogo tu.

Kwa Rumi, mwandishi wa Kiswahili ana bahati asiyokuwa nayo Mwingereza. Tamthilia ya Shakespeare, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na ambayo toleo lake la 1969 laitwa *Juliasi Kaizari*, ina kosa mashuhuri: saa inagonga mjini Rumi, hali Warumi walikuwa na saa za kivuli na za maji tu. Lakini Warumi waliihesabu saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, na saa ya sita ilikuwa adhuhuri, kama tusemavyo sisi. Mhusika akisema "saa sita mchana", amesema Kirumi pasipo kujikaza. Tahadhari ni moja: saa yao ilirefuka wakati wa joto na kufupika wakati wa baridi, jambo ambalo sisi wa karibu na Ikweta hatulihisi.

Bahati hiyo ina mtego wake. Biblia isomwayo sana katika Kiswahili humwita Pilato liwali, na mkuu wa askari mia humwita akida. Ni maneno mazuri. Lakini yalikuwa pia vyeo vya pwani, na msomaji mzee akisikia "akida" hukumbuka kodi ya Mjerumani kabla ya kumkumbuka Nero. Sisi tungeyatumia, ila kwa kujua yanabeba nini.

Mwanafunzi wetu alikasirika kidogo, kisha akaiandika upya sura yake. Kuhani sasa anamwambia mwanawe kwamba maji hutoka pangoni, chini ya miamba ya Elephantine, kwa Hapi, mungu wa mafuriko. "Na kabla ya pango?" kijana anauliza. Kuhani hajibu, anainama kutazama alama za kipimo cha maji zilizochongwa ukutani, aone mto umepanda dhiraa ngapi.