Masalio ya Ndege Nyekundu

Katika nchi za Ulaya na Amerika wako watu ambao saa zao za mapumziko huzitumia kukusanya vitu vya ndege za vita vya zamani: kofia za ngozi za marubani, nishani, dira na saa zilizofunguliwa katika ndege zilizoanguka, vipande vya mabawa, barua na picha. Wengine huviuza, na bei yake si ndogo. Asiyezoea mambo hayo atauliza: kipande cha kitambaa kilichochanika, tena rangi yake imefifia, chafaa nini? Hakivaliki wala hakishoneki. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi vitu hivyo vilivyopatikana na jinsi vilivyotawanyika. Kwa kuwa habari yenyewe ni pana mno, tutamchukua mtu mmoja tu pamoja na ndege yake. Mtu huyo ni Manfred von Richthofen, Mjerumani, ambaye wengi wamemjua kwa jina la Baroni Mwekundu, kwa sababu ndege yake ilipakwa rangi nyekundu.

Tumemchagua huyo kwa sababu hii: kabla watu hawajaanza kukusanya vitu vyake, yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1892 karibu na mji wa Breslau, ambao leo waitwa Wrocław na uko katika nchi ya Polandi. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na tangu utoto Manfred alipenda sana kuwinda. Vita vya kwanza vya ulimwengu vilipoanza, mwaka 1914, alikuwa askari wa farasi. Lakini mbele ya mitaro na bunduki za mtombo farasi hana kazi, naye akaomba kuhamia katika jeshi la ndege. Tarehe 17 Septemba 1916, kule Ufaransa, aliangusha ndege yake ya kwanza. Waingereza wawili waliokuwamo wakafa wote wawili.

Basi akamwandikia sonara mmoja wa Berlin, akaagiza kikombe cha fedha. Kilikuwa kidogo, urefu wake kama sentimita 5 tu, na juu yake paliandikwa namba 1, na aina ya ndege, na tarehe. Alipoangusha ya pili akaagiza cha pili. Hivyo akaendelea, na kila kikombe cha kumi kikawa kikubwa kuliko vingine. Vilipofika 60 alikoma. Hakukoma kwa kuchoka, bali kwa sababu fedha ilikuwa imeadimika katika Ujerumani yenye njaa na vita.

Vikombe havikumtosha. Ndege za siku zile zilikuwa mifupa ya mbao na vyuma iliyofunikwa kitambaa cha kitani, na kila ndege ya Waingereza ilikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa rangi juu ya kitambaa hicho. Richthofen alipoweza kufika mahali ndege ilipoanguka, au kumtuma mtu, alikata kile kipande chenye namba. Vipande hivyo alivipeleka kwao katika mji wa Schweidnitz, vikabandikwa katika kuta za chumba chake, kama mwindaji atundikavyo pembe za nyati. Darini ilining'inia mashine ya ndege, na penye ncha za mitungi yake zilifungwa taa za umeme. Picha za chumba hicho zipo mpaka leo. Mtazamaji hawezi kukana kwamba chapendeza. Kisha akumbuke kila namba ile ukutani ni nini.

Tutaje moja tu. Tarehe 23 Novemba 1916 Richthofen alipigana na Meja Lanoe Hawker, rubani hodari wa Waingereza, aliyekuwa amepewa Msalaba wa Viktoria, nishani iliyo kubwa kupita zote katika jeshi lao. Walizungukana angani kwa muda mrefu, kila mmoja akitafuta mgongo wa mwenzake. Mwisho Hawker, akitaka kurudi upande wa wenziwe, alipigwa risasi ya kichwa. Askari wa Ujerumani walimzika palepale alipoanguka, karibu na mji wa Bapaume. Richthofen akachukua bunduki ya ndege ile, akaitundika juu ya mlango wa chumba chake. Kaburi la Hawker lilipotea katika mapigano yaliyofuata, halikuonekana tena. Jina lake limeandikwa katika ukuta wa ukumbusho kule Arras, pamoja na majina ya marubani wengine wasiojulikana walipolala. Bunduki ilihifadhiwa, mwenye bunduki akapotea!

Haya, sasa zamu yake.

Tarehe 21 Aprili 1918, siku ya Jumapili, Richthofen alikuwa amekwisha kuangusha ndege 80. Asubuhi ile, juu ya bonde la mto Somme, alimfukuza Wilfrid May, kijana wa Kanada aliyekuwa bado mgeni katika vita. Kwa kumfukuza alishuka chini mno, akavuka mstari wa adui. Nyuma yake alikuja Mkanada mwingine, Roy Brown, akimpiga risasi. Na kutoka chini Waaustralia nao walikuwa wakipiga bunduki za mtombo. Risasi moja ilimpenya kifuani. Aliitua ndege katika shamba karibu na kijiji cha Vaux-sur-Somme, akafa. Jeshi la ndege la Uingereza lilimpa Brown sifa ya kumwua, lakini wachunguzi wengi wa baadaye wameona kwamba risasi ile ilitoka ardhini. Ubishi huo haujakwisha, nasi hatutauamua hapa.

Jambo la kuangalia ni lililotokea shambani. Ndege ile, Fokker yenye mabawa matatu, namba yake 425/17, haikuvunjika sana. Kama wangaliiacha, ingalikuwa leo katika nyumba ya makumbusho, nzima. Lakini habari ilienea upesi kwamba aliyeanguka ndiye yule Mwekundu mwenyewe. Askari wakaja mbio, kila mmoja na kisu chake. Huyu akakata kipande cha bawa, huyu akang'oa ubao, yule akachukua dira. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa ikipiga mahali pale, hata hivyo hawakuondoka. Ndege ikabaki mifupa mitupu. Hata viatu vya marehemu, vile virefu vya manyoya alivyovaa kwa ajili ya baridi ya juu, vilichukuliwa.

Tusiwahukumu upesi. Watu hao walikuwa wamekaa mitaroni miezi na miaka, wakila matope na kuzika rafiki zao. Askari mwenye kipande cha kitambaa chekundu mfukoni alikuwa na neno la kuwaeleza watoto wake, ikiwa angerudi. Na kumbe, alichofanya yeye ndicho alichofanya Richthofen mwenyewe mara nyingi!

Maiti ilipelekwa Poulainville, kwenye kambi ya marubani wa Australia. Siku ya pili, 22 Aprili, walimzika katika makaburi ya kijiji cha Bertangles, kwa heshima zote za kijeshi. Maafisa sita walichukua jeneza, padri wa jeshi akasoma sala, askari wakapiga risasi hewani. Kisha ndege ya Waingereza ilivuka mstari, ikaangusha kwa Wajerumani barua ya kuwaarifu pamoja na picha ya kaburi. Wale wale waliochanachana ndege yake kwa visu walimzika kama mtu wao. Sisi twaona hakuna kinyume hapo: vita vile viliyachanganya mambo hayo mawili kila siku.

Je, vipande vilikwenda wapi? Dunia nzima. Viatu vya manyoya viko Canberra, mji mkuu wa Australia, katika nyumba kubwa ya ukumbusho wa vita iliyofunguliwa mwaka 1941. Na humo umo usukani wa ndege, na kitambaa chenye msalaba mweusi wa Kijerumani. Mashine iko London. Kiti alichokalia alipokufa kiko Toronto katika Kanada, pamoja na kipande cha kitambaa ambacho marubani wa kikosi cha Brown walitia sahihi zao. Vipande vidogo vilibaki katika masanduku ya wajane na katika Biblia za wazee, mpaka wajukuu walipovipeleka mnadani.

Na vile vikombe 60? Mama yake, Kunigunde, alivitunza pamoja na kila kitu cha mwanawe. Tarehe 21 Aprili 1933, miaka 15 kamili baada ya kifo, nyumba ya Schweidnitz ilifunguliwa kuwa makumbusho, na watu wengi walikuja kutazama. Utawala wa Hitler, uliokuwa umeanza mwaka uo huo, ulipenda sana mashujaa waliokufa, maana mfu hawezi kukataa kutumiwa. Mwaka 1945, jeshi la Warusi lilipokaribia, mama huyo mzee alikimbia. Alichoweza kuchukua kilikuwa kidogo. Vikombe, kitambaa chenye namba, bunduki ya Hawker, vyote vilitoweka. Schweidnitz leo ni Świdnica, mji wa Polandi. Kulikuwako pia Berlin ndege nyingine ya Richthofen, nzima, namba 152/17, katika nyumba ya makumbusho ya ndege. Mabomu ya vita vya pili yaliangamiza nyumba hiyo, na ndege ile nayo haikupona. Ndege nyingine zaidi ya 20 zilikuwa zimehamishwa upande wa mashariki, na hizo ziko katika mji wa Kraków hata leo, zikitunzwa na Wapolandi. Lakini Fokker ya mabawa matatu, nzima na ya asili, haipo hata moja duniani. Zile zirukazo kwenye sikukuu za ndege ni za kuigiza.

Hivi mkusanyo wa mshindi, uliopangwa vizuri kwa namba na tarehe, umepotea, na vipande vilivyokatwa ovyo kwa visu shambani vimepona. Hata mwili wake haukutulia. Kutoka Bertangles ulihamishiwa makaburi ya Wajerumani kule Fricourt. Mwaka 1925 ndugu yake Bolko aliuleta Ujerumani, akitaka azikwe Schweidnitz karibu na baba yake, lakini serikali ilimtaka Berlin. Mwaka 1975 ulihamishwa tena, ukapelekwa Wiesbaden penye kaburi la jamaa. Mama yake alikuwa amekufa mwaka 1962.

Kwa kuwa vipande vyekundu vina bei, waongo nao hawakosi. Sisi twashuku kwamba vipande vyote vinavyosemwa kuwa vya ndege ile vikiunganishwa, vitafunika zaidi ya ndege moja. Mjuzi hatazami rangi peke yake. Hutazama ufumaji wa kitani, na ile dawa iliyopakwa ili kitambaa kikaze, ambayo kwa miaka mingi huwa ngumu na kupasuka kama tope kavu. Kama kuna alama ya msalaba, hutazama umbo lake, kwa sababu mwezi wa Machi 1918 Wajerumani waliamriwa kuacha msalaba wenye ncha pana na kutumia ulionyoka. Zaidi ya yote huuliza karatasi: kilikatwa na nani, wa kikosi gani, kikapita mikononi mwa nani? Kitambaa kisicho na habari yake ni kitambaa tu.

Tena kuna jambo zito kuliko uongo. Baada ya vita vya pili watu wa Uingereza walianza kufukua ndege zilizozama ardhini mwaka 1940, wakitafuta mashine na bunduki. Mara nyingine walimkuta rubani mwenyewe bado yumo, miaka 30 na zaidi baada ya kuandikwa kwamba haonekani. Kwa jamaa zake ilikuwa faraja, maana alipata kaburi lenye jina. Lakini haifai mtu afikie mifupa ya mwenzake kwa kutafuta vyuma vya kuuza. Ndiyo sababu mwaka 1986 Uingereza ilitoa sheria: ndege ya kijeshi iliyoanguka haifukuliwi bila ruhusa ya serikali. Sheria hiyo twaiona nzuri, ingawa ilikawia.

Msomaji wa Kongo atauliza, na kwetu je? Vita vile vilifika kwetu, na ndege pia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege 4 za majini, aina ya Short. Zilipita Matadi, zikapandishwa kwa reli na kwa mashua za mtoni mpaka ziwa Tanganyika, zikawekwa karibu na Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Mwezi wa Juni mwaka ule zilivuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, zikiitafuta meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Hao ndio Wadachi wa hadithi za wazee wetu. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha meli wenyewe. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 yaitwa Liemba, jina ambalo watu wa ziwani walijua vizuri kwa kupanda na kushuka na mizigo yao. Rubani Aimé Behaeghe, aliyeruka katika safari ile ya Kigoma, hakupigwa risasi: alikufa kwa ugonjwa kule Niemba, mwezi wa Desemba 1916.

Watu wa pwani ile ya ziwa waliziona ndege hizo kwa macho yao, na wengine walifanya kazi kambini. Ikiwa katika nyumba fulani kuna picha ya babu yenye askari au ndege, au kifungo, au kipande cha chuma ambacho wazee walisema kimetoka Mtoa, kisisafishwe kwa mchanga. Kifungwe katika kitambaa kikavu. Na nyuma ya picha paandikwe kwa kalamu ya risasi, si kwa wino maana wino hupenya: jina la mtu, mahali, mwaka, na nani aliyesimulia.