Chembe Moja na Udanganyifu wa Wastani

Kwa muda mrefu elimu ya viumbe ilijengwa juu ya wastani. Mtaalamu alisaga chembe hai mamilioni pamoja, akapima alichokipata, kisha akaandika kana kwamba amezungumza na chembe moja. Upungufu wa desturi hiyo ulidhihirika mapema, tena kwa vifaa vya kawaida, mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Aaron Novick na Milton Weiner walichunguza Escherichia coli, bakteria akaaye utumboni. Bakteria huyo ana jeni ya kutengeneza kimeng'enya kivunjacho sukari ya maziwa, lakini haitumii mpaka apate ishara kwamba sukari hiyo ipo. Wawili hao walimpa, kwa kipimo kidogo sana, kemikali iliyofanana na ishara hiyo ila hailiki. Kimeng'enya kikaongezeka polepole. Aliyetazama chupa nzima angesema kila bakteria anaongeza kazi yake kidogo kidogo. Haikuwa hivyo. Walipouzimua mchanganyiko hata kila chupa ipate bakteria mmoja tu, au asiwemo kabisa, uzao wa kila mmoja ulionekana ama umejaa kimeng'enya ama hauna. Kilichokuwa kikiongezeka ni idadi ya walioamka. Sababu yake ni mlango: bakteria akishatengeneza protini ya kuingizia ishara, huingiza ishara nyingi zaidi, na kwa hiyo hutengeneza milango mingi zaidi. Ndugu wenye jeni zile zile, katika chakula kile kile, walirithisha hali mbili tofauti.

Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walieleza jinsi jeni inavyofungwa na kufunguliwa, na mwaka 1965 wakawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Walistahili. Ila swali la Chicago halikuweza kufika mbali, kwani hapakuwa na njia ya kuiuliza chembe moja habari za jeni zake zote.

Njia ilipatikana mwaka 2009. Fuchou Tang, Azim Surani na wenzao walisoma ARN ya chembe moja ya kiinitete cha panya, wakatambua jeni 5,270 zaidi ya zile zilizoonekana kwa mbinu iliyotangulia. Lakini ARN ni ujumbe uliokwisha kutumwa. Haisemi ni nani aliyeruhusu. Ruhusa hutafutwa kwenye ADN yenyewe, pale ilipofunguka ndani ya kiini. (Kiini hapa ni kitovu cha chembe, si chembe yenyewe, kama wengine walitumiavyo neno hilo.) Mwaka 2013 Jason Buenrostro na wenzake wa Stanford walitumia kimeng'enya kikatacho ADN penye nafasi wazi tu. Mwaka 2015 mbinu hiyo ikafikia chembe moja moja, na kundi la Seattle likapima chembe zaidi ya 15,000.

Hapo ndipo ugumu ulipo. ARN za jeni moja huweza kuwa mamia, bali ADN ya sehemu nyingi katika chembe ya mwanadamu ina nakala mbili tu. Mahali pasiposomeka huenda pamefungwa, huenda pamekosekana kwa bahati. Watafiti hulazimika kukusanya chembe zinazofanana na kuzihesabu pamoja, yaani kuurudisha wastani, ingawa sasa ni wa kundi lililochaguliwa. Tena, chembe hufa kwa kusomwa. Novick na Weiner waliweza kumwacha bakteria wao azae, wakaona hali yake ikipita kwa wajukuu. Mbinu hizi mpya hutoa picha nyingi za chembe nyingi, kila moja ya dakika yake ya mwisho.